Kutoka kwa Bibi

Mwaka 2014 nilichangia harusi tisa, na zote nilihudhuria. Mwenzangu alikuwa ameshaleta posa kwetu Lushoto, ndoa ikapangwa Juni ya mwaka uliofuata, nami sikujua hata ukumbi unakodiwaje. Mama mdogo niliyekuwa naishi kwake Tabata, Dar es Salaam, ndiye aliyenipa njia. "Changia za wenzio, mwanangu, uende ukaone kwa macho yako." Akanipa daftari dogo alilokuwa akiandikia hesabu za vikoba, kurasa za mwanzo zimejaa marejesho ya wanachama, zilizobaki tupu zikawa zangu.

Nikawa naandika kila kitu. Rangi za mapambo, saa maharusi walipoingia ukumbini, MC aliyeongea mno, pilau iliyokosa chumvi. Mwezi wa kumi ulipoisha nilikuwa na kurasa kumi na nane na bado sijui harusi yangu itakuwaje.

Ya Novemba niliisubiri kwa hamu. Bwana harusi tulikuwa tukifanya kazi pamoja, Mchaga wa Marangu kama mwenzangu, na mimi Msambaa nilitaka kuona ndafu inavyoingia ukumbini. Foleni ya Barabara ya Mandela ikanichelewesha. Nilipofika nikaelekezwa meza ya nyuma kabisa, ubavuni mwa spika kubwa iliyonizidi kimo. Pale alikuwa amekaa bibi kizee mmoja, sweta la sufu juu ya kitenge, ncha ya khanga ameikunja na kuizibia sikio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Ilibidi aniambie sikioni. Ndiye bibi mzaa mama wa bwana harusi. Alipanda basi Moshi alfajiri ya jana yake, zaidi ya kilomita 500, amekuja kumwoza mjukuu aliyemlea mwenyewe.

Ndafu ikaingia. Mbuzi mzima, amebanikwa hadi kung'aa, majani mdomoni, mpishi anamsukuma kwa madaha huku watu wakipiga vigelegele. Nikafungua daftari. Bibi akanigusa mkono. "Yule wangu amekaa wapi? Macho yangu hayafiki."

Nikatoa simu, nikafungua kamera, nikaivuta picha mpaka uso wa kijana ukajaa kwenye kioo. Bibi akaishika simu kwa mikono miwili. Akapitisha kidole shavuni mwa mjukuu wake, picha ikacheza, akaondoa kidole haraka akidhani ameharibu.

"Amekonda," akasema.

Nikamwinua, tukaanza kwenda mbele. Kijana wa itifaki akatuzuia katikati ya ukumbi, akasema tusubiri muda wa zawadi, ratiba hairuhusu. Alisema kwa adabu. Tukarudi. Chakula kilikuwa kikiitwa kwa namba za meza, yetu ikaitwa saa nne na nusu, na nyama iliyobaki ilikuwa ya kung'ang'ana nayo. Bibi hana meno ya nyuma. Alikula wali mtupu.

Muda wa zawadi ulipofika ukumbi ulikuwa unakaribia kufungwa. Wakapita kamati, wakapita wafanyakazi wenzetu, mimi nikiwa nimebaki na bibi, kisha MC akatangaza kwamba waliobaki waweke zawadi zao kwenye meza ya mlangoni. Bibi alikuwa na blanketi kwenye mfuko wa plastiki, amelipakata tangu nimekaa. "Niandikie jina," akaniambia, "lisije likachanganyika." Nikachana ukurasa wenye rangi za mapambo, nyuma yake nikaandika kwa herufi kubwa: KUTOKA KWA BIBI. Tukalifunga kwa uzi aliouchomoa kwenye pindo la sweta lake.

Usiku ule nililia kwenye teksi. Nilimlilia bibi, na nilimlilia wangu, ambaye Juni angeshuka na basi kutoka Lushoto.

Kwenye vikao vyetu vya harusi niliwaachia wengine rangi, keki, gari na matarumbeta. Nilishikilia meza moja tu: wazee, mbele kulia, spika mbali nao, chakula wapelekewe wao kwanza na kiwe laini, na zawadi zianze kwao. Mwenyekiti wa kamati akapinga, pale mbele alishapanga kuweka wageni rasmi. Tulibishana vikao viwili. Mwenzangu akasema kama meza ile haipo na yeye hayupo, hoja ikapita.

Siku yenyewe, kutoka meza kuu, niliwaona wote. Bibi yangu, ambaye hakuwa amewahi kuonja mtori maishani mwake, alimaliza bakuli mbili, kisha akamgeukia bibi wa mume wangu kumuuliza zile ni ndizi gani.