Maabara haikunishinda

Saa 11 alfajiri, kabla sijanawa uso, nakuta ujumbe wa mhariri: "Kesho tarehe 25, Siku ya Malaria Duniani. Stori ya chanjo, maneno 600, iwe rahisi." Hilo "iwe rahisi" ndilo hula siku yangu nzima.

Mimi nilisomea wadudu. Nimehesabu mbu Bonde la Kilombero mpaka nikawaota: unawamwaga kwenye sahani, unamshika mmoja mmoja kwa kibano, unamweka chini ya hadubini. Anofelesi jike, mbu anayeeneza malaria, ana vipapasio vyenye urefu sawa na mdomo wake, utadhani ana midomo mitatu. Kisha nikahamia chumba cha habari. Nyumbani wanasema ada yao ilienda na maji.

Saa 1 nipo kituo cha basi Kimara, Dar es Salaam. Masika yamepamba moto, bonde la Jangwani limejaa maji, basi linazungushwa. Saa 3 kikao, chai na andazi.

Saa 4 nina miadi na profesa mmoja wa masuala ya chanjo. Sekretari ananionyesha benchi. "Yuko kikaoni, dada." Saa 5 bado kikaoni. Saa 6 simu yangu imebaki na chaji asilimia 11, nimeshasoma matangazo yote ya ukutani, hata la mkutano uliopita miaka miwili iliyopita. Mara mlango unafunguka, Profesa anatoka na mwavuli, anaelekea kula.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Wewe si yule binti wa mbu? Kwa hiyo maabara ilikushinda?"

Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na bado huniuma. Akaendelea: hatoi mahojiano tena, waandishi walimwandika kwamba kagundua dawa, simu ikaita wiki nzima. Hapo siwezi kumlaumu. Nikamuuliza nikiwa nimesimama vilevile: katika utafiti wa R21, chanjo ya malaria, uliohusisha watoto zaidi ya 4,800 wa nchi nne, kwa nini kwenye kundi la vituo vyetu malaria ilipungua kwa asilimia 68, na kwa wenzetu 75?

Akaweka mwavuli chini, akakaa kwenye benchi langu.

Akachora kwenye daftari langu mistari miwili. Kwenye maeneo ya malaria ya msimu, watoto walichanjwa mvua zikikaribia, hivyo kinga ilikuwa juu mbu walipofurika. Bagamoyo kwetu na Kilifi ya Kenya, mbu hawana likizo. Kinga inashuka polepole nao wanaendelea kuuma. Dakika 25 bila kupumua, njaa kaisahau. Mwisho akataka nimtumie stori aihariri. Nikakataa, nikaahidi kumsomea nukuu zake tu. Alinuna, lakini akanipa namba yake.

Baada ya hapo saa nimepoteza hesabu. Niliandika, nikamsomea nukuu, nikafuta, nikaandika. Giza lilikuwa limeingia nilipoona kichwa cha habari kwenye kompyuta ya msanifu: "Chanjo yatibu malaria kwa asilimia 75".

"Kaka, haitibu. Inakinga."

"Sawa, yakinga. 75 inabaki, inauza."

Nikachukua karatasi. Watoto 100 wasiochanjwa wakiugua mara 50 kwa mwaka, 100 waliochanjwa wataugua kama mara 16. Hiyo ndiyo 68. Si kwamba watoto 68 wamepona milele na 32 wametelekezwa. Na bado wanalala kwenye chandarua.

"Dada, hii ni kichwa cha habari au hesabu za darasa la saba?"

Tulibishana mpaka mtambo ukaanza kutusubiri. Ikatoka "Chanjo yapunguza malaria, chandarua kibaki". Hakuna namba kabisa. Nilikubali kwa uchovu, sina zaidi.

Nyumbani, jirani yangu kanisubiri mlangoni: "Eti dokta wa mbu, hiyo chanjo ni ya kweli?" Nikamweleza nimesimama, viatu mkononi. Nilipoingia ndani, mbu katua ukutani, mwili sambamba na ukuta, hajainua tako. Kuleksi. Huyu haenezi malaria.

Nikampiga ndala hata hivyo.