Mkeka Uliochukuliwa na Kusi

Jumatano ya tarehe 17 Julai 2019, alfajiri, pale Jambiani, Unguja, bahari ilininyang'anya mkeka nikiwa nimeukalia. Kisa hiki nimewasimulia watu mara nyingi kama kichekesho, na kweli kinachekesha, ila kuna sehemu huwa naikata. Leo naiandika yote.

Nilikwenda kwa shangazi mwezi Februari, mkataba wangu wa kazi Dar ulipokwisha. Usingizi ulikuwa umenihama kabla ya kazi. Daktari alinipa vidonge vya wiki mbili na ushauri: kila siku nikae dakika 20, nitulie, nihesabu pumzi. Nikapakua programu ya simu yenye sauti ya mama mmoja wa Kizungu, mpole kama muuza manukato. Joto la kaskazi limechemsha maji ya ufukweni mpaka mwani wa shangazi unageuka mweupe na kukatikakatika, na yule mama ananiambia nifumbe macho niione theluji ya kwanza ikidondoka. Nilijitahidi. Nilichokiona ni friji la muuza samaki wa mtaani kwetu Temeke.

Lakini mahali nilipata. Mbele ya nyumba, chini ya mnazi ulioinama, mchanga mkavu. Baada ya sala ya alfajiri natandika mkeka wa ukindu, nauelekeza baharini, naweka simu pembeni, nakaa. Saa hizo upepo wa kaskazi huwa mlegevu, na kukaa nje ni raha ya kweli. Baada ya siku kama kumi nikaanza kulala usiku. Basi nikajiwekea nadhiri: hapo hapo, saa ile ile, bila kukosa hata siku moja. Nilikuwa na daftari la kutia tiki.

Masika yakaja, nami sikukubali. Ramadhani iliingia mwezi Mei mvua zikiendelea, nikawa nakaa na koti la mvua la binamu yangu, nahesabu pumzi huku matone yakinigonga kichwani na mafua yamenishika. Shangazi alinitazama tu. Ni mtu asiyemfundisha mtu jambo hajaulizwa, na kwenye ukoo wetu hiyo ni sifa adimu.

Kusi ndilo lililoniweza. Huku kwetu majira huyaoni kwenye saa: Februari na Julai jua linachomoza karibu wakati mmoja, na mchana hautofautiani sana na usiku mwaka mzima. Kinachobadilika ni upepo, na upepo hauachi kitu. Kusi la Julai huja Jambiani moja kwa moja kutoka baharini, limebeba mchanga, linakurushia usoni kama chenga za mchele. Nikajifunga ushungi mpaka machoni. Zile dakika 20 zikawa za kungoja ziishe.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ulipatwa. Mnamo saa sita na nusu tulikuwa uani, zaidi ya nusu yake imefunikwa, shangazi akaswali sala ya kupatwa kwa mwezi nami nikaswali nyuma yake. Hapo tu ningejua. Mwezi mpevu maana yake bamvua, maji kujaa na kutoka kwa wingi, na bamvua ya kwetu hujaa alfajiri, kisha maji yakatoka asubuhi na wanawake wakashuka mwanini. Shangazi yumo katika mwani tangu kilimo hicho kilipoingia huku mwaka 1989. Kalenda yake ni bamvua na maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haitoki sana. Mimi, damu yake, kalenda yangu ilikuwa simu.

Bamvua za nyuma zilikuwa zikiishia karibu na mnazi kwa upole. Hii ilikuja inasukumwa na upepo, na kusi lilikuwa limeshaula ufukwe wenyewe. Nusu ya mchanga wangu wa Februari haikuwepo tena. Nikatandika hivyo hivyo. Kwenye pumzi ya 14, idadi naikumbuka, nikasikia baridi kiunoni, kisha mkeka ukateleza kama shuka inayovutwa na mtu. Kufumbua macho, nimekaa kwenye povu na mkeka unakwenda zake. Niliiwahi simu. Ilikuwa imeshakunywa maji. Ikapiga ile kengele ya kumaliza, mara moja, ikazima.

Sehemu ninayoikata ndiyo hii: nililia. Simu haikuhusika. Nililia kwa hasira kama mtoto, kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba usingizi wangu umo ndani ya ule mkeka, na usiku wa siku ile nisingelala tena.

Nikazunguka nyuma ya nyumba nikavue nguo. Shangazi alikuwa ameketi kwenye ubao, mgongo kwenye ukuta wa jiko, upande upepo usikofika, tasbihi mkononi, midomo inakwenda. Nikasimama. Nikamkumbuka Februari: barazani mbele, kanga begani, tasbihi ile ile. Masika: ndani, karibu na mlango, mvua ikipiga mabati. Miezi mitano nilikuwa nampita kila alfajiri nikikimbilia mahali pangu.

Alimaliza uradi wake kwanza. Kisha akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Umeoga mapema."

"Bahari imenichukulia mkeka, shangazi."

"Kusi hilo. Ungekuja huku."

"Mbona hukunambia?"

"Wewe ulikuwa na mwalimu wako kwenye simu."

Akasogea. Ubao ule ni wa mtu mmoja na nusu. Nikajibana, nguo zinachuruzika. Ukuta ulikuwa bado na vuguvugu la moto wa daku yake, maana Jumatano ile alikuwa amefunga. Upepo tuliusikia ukipita juu ya paa. Sikuhesabu kitu.

Saa tatu na nusu maji yalikuwa yametoka, tukashuka mwanini. Mkeka tuliukuta umenasa kwenye vijiti vya shamba la jirani, mzito kwa mchanga. Shangazi akaukung'uta mara mbili, akanitwika.

"Kauanike," akasema. "Uani. Usiuweke mbele."