Utomvu wa Ndizi

Jumamosi iliyopita, katika kibanda umiza (banda la video la mtaani) kimoja cha Mwanjelwa, jijini Mbeya, nilitazama filamu iliyomhusu mjane maskini wa Tukuyu, wilayani Rungwe, na kilichoiangusha hakikuwa kamera wala sauti, bali mikono. Mama huyo alimenya ndizi mbichi kwa kucha ndefu zilizopakwa rangi, na vidole vyake vikabaki visafi, ilhali kila aliyekulia Rungwe anajua kwamba utomvu wa ndizi huacha weusi usiotoka kwa sabuni ya siku moja. Watu waliangua kicheko. Tangu hapo, hata kilio chake cha msibani, kilichosindikizwa na muziki mzito (watengenezaji wetu hawauamini ukimya), hakikumgusa mtu.

Watazamaji walewale hutulia saa mbili nzima mbele ya filamu ya Kihindi iliyotafsiriwa na mtu mmoja anayezisema sauti za wote, kwa kuwa mtafsiri anawajua wasikilizaji wake: mhusika akitetemeka mlimani, yeye humshauri anunue koti Uyole, hapahapa Mbeya.

Filamu ya mjane ilifaulu mara moja tu, pale alipofungua fundo la khanga, akahesabu sarafu mara mbili, kisha akalifunga tena bila kusema neno. Jirani yangu aliacha kutafuna karanga.