Kuosha rimu na matairi nyumbani, bila dizeli wala asidi

Tairi likimetameta haina maana limeoshwa. Sehemu nyingi za kuoshea magari, kazi inamalizwa kwa kupitisha kitambaa chenye dizeli au oili chafu juu ya uchafu uliobaki. Gari linatoka linawaka, na kufika jioni ubavu wa tairi umeshabeba vumbi la barabara nzima. Tairi safi kweli, likishakauka, ni jeusi lililopooza, halina mng'aro wowote, na ukilifuta kwa kitambaa cheupe, kitambaa hakibadiliki rangi. Mng'aro unakuja baada ya hapo, ukiutaka.

Dizeli ni adui wa mpira. Inapenya ndani, inauvimbisha na kuulainisha, kisha inaondoka na nta na kemikali ambazo kiwanda kilizichanganya humo ili kuukinga na hewa ya ozoni na jua. Hasara yake haionekani wiki hii. Inaonekana baadaye, pale ubavu unapoanza kupasuka nyufa ndogondogo huku kashata za tairi, yaani vile vinundu vinavyokanyaga barabara, bado ni nzima. Ukimpelekea kijana gari lako, mwambie mapema kabisa: matairi asipake kitu.

Kwa rimu, adui mkuu ni vumbi la breki. Ule weusi unaojaa kwenye rimu za mbele haukutoka barabarani. Ni chembe za diski na pedi, nyingi zikiwa chuma, zinazoruka zikiwa za moto, zikajishika kwenye vanishi ya rimu, na zikikutana na unyevu zinaota kutu hapohapo. Rimu za mbele huchafuka zaidi kwa sababu breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Isitoshe, magari mengi madogo yana breki za dramu nyuma, na vumbi lake kwa kiasi kikubwa linabaki ndani ya dramu. Chembe zikikaa miezi, sabuni ya kawaida haizing'oi. Utasugua mpaka mkono uume, na vidoa vya kahawia vitabaki.

Vifaa si vingi. Ndoo mbili za lita 10, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia brashi. Brashi laini ya uso wa rimu. Brashi ya kupakia rangi ya inchi mbili, yenye nywele laini, inafaa sana kwenye mashimo ya nati, ila zungushia utepe kwenye bati lake lisikwaruze. Brashi ndefu nyembamba ya kuingia nyuma ya spoki. Brashi ngumu ya kufulia kwa ajili ya tairi peke yake. Vitambaa viwili vya maikrofaiba na sponji dogo. Ndoo, brashi na vitambaa hivi visiguse bodi ya gari tena. Chembe ya chuma iliyonasa kwenye kitambaa itachora rangi ya mlango mistari ya mviringo, na hiyo haiondoki bila kupolishi.

Anza na magurudumu kabla ya bodi, maana uchafu wake unaruka. Gari liwe kivulini na rimu ziwe zimepoa kiasi kwamba unaweza kuweka kiganja bila kukitoa. Ukipuliza dawa kwenye rimu ya moto, inakauka kabla ya kufanya kazi na kuacha michirizi ambayo wakati mwingine inakula vanishi. Fanya gurudumu moja mpaka mwisho ndipo uende la pili.

Suuza kwanza kwa maji mengi: uso wa rimu, nyuma ya spoki, ubavu wa tairi na ndani ya madigadi. Ukitumia mashine ya presha, kaa umbali wa sentimita 30 au zaidi, na usielekeze mdomo wake sehemu moja ya ubavu kwa muda mrefu. Jihadhari pia na zile risasi za balansi, vile vipande vizito vya kusawazisha gurudumu vinavyobandikwa upande wa ndani wa rimu, kwa sababu maji ya presha ya karibu yanaweza kuzing'oa, na usukani ukaanza kutetemeka bila wewe kujua kisa.

Watu wengi huanza na rimu. Mimi nasema anza na tairi, kwa sababu maji machafu ya tairi yatateremka kwenye rimu hata hivyo. Tumia sabuni ya kuondoa grisi, sehemu moja kwa kumi za maji, au moja kwa nne kama tairi lilishapakwa mafuta mara nyingi. Puliza, subiri dakika moja, sugua kwa brashi ngumu ukizunguka tairi lote, ukibana kwenye maandishi na kwenye ukingo unaokutana na rimu. Povu la kwanza litatoka la kahawia. Kahawia hiyo si udongo mwekundu pekee. Zile kemikali za kinga zinatoka polepole kutoka ndani ya mpira mpaka juu, zinakutana na hewa, zinageuka rangi, na mafuta ya zamani yanazishikilia pale pamoja na vumbi. Suuza, rudia, mpaka povu litoke jeupe au la kijivu hafifu. Tairi lililozoea dizeli linaweza kutaka raundi tatu au nne. Ukiacha kabla ya hapo, chochote utakachopaka kitashika juu ya uchafu na kubanduka mapema.

Sasa rimu. Kwa uchafu wa kila wiki, shampuu ya gari inatosha, mililita 20 hadi 30 kwenye ndoo ya lita 10. Sugua uso, mashimo ya nati, kisha ingiza brashi ndefu nyuma ya spoki. Chovya brashi kwenye ndoo ya pili kila mara kabla ya kurudi kwenye sabuni. Kwa vile vidoa vya kahawia vilivyoganda, tafuta dawa ya kuondoa chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau ikigusa chuma. Kiambato chake ni thioglaikoleti, na ndicho kinachonuka kama yai viza. Puliza kwenye rimu iliyokwishaoshwa, subiri dakika tatu hadi tano, itikise kwa brashi laini, suuza kabla haijakauka. Mililita 50 hivi zinatosha rimu ya inchi 15. Vaa glavu na usiinamie mvuke wake. Dawa hii ni ghali kuitumia kila Jumamosi. Mara moja kwa miezi mitatu inatosha ukiwa unaosha kawaida.

Lami iliyoruka kutoka barabara mpya haisikii sabuni wala dawa ya chuma. Lowesha kitambaa kwa white spirit (kiyeyushi cha rangi ya mafuta) au mafuta ya taa kidogo, kikandamize kwenye doa nusu dakika, futa bila kusugua kwa nguvu, kisha osha pale kwa sabuni. Hakikisha hayagusi tairi.

Asidi ya kusafishia choo iache chooni. Inang'arisha kweli kwa dakika chache, halafu inaacha alumini ikiwa na weupe usiofutika, na inashambulia nati na risasi za balansi. Kostiki soda ni mbaya vilevile kwa upande wake. Alumini inaliwa na asidi kali na inaliwa na alkali kali. Stili waya na msasa navyo ni marufuku kwenye rimu yenye vanishi. Rimu ambazo uso wake umekatwa kwa mashine, zile za rangi ya fedha zenye mabonde meusi, zinahitaji uangalifu zaidi. Zikigonga ukingo wa barabara, maji yanaingia chini ya vanishi na kuota nyuzi nyeupe kama minyoo. Dar, Tanga na Mombasa, chumvi ya hewani inaharakisha jambo hilo. Nyuzi hizo ziko chini ya vanishi, kwa hiyo hakuna dawa ya kuosha itakayozifikia. Ni kazi ya fundi wa rimu.

Ndani ya rimu panasahaulika sana, nako ndiko kwenye faida ambayo dereva anaihisi. Ukipita kwenye tope zito, udongo unaganda upande mmoja wa ndani. Ukikauka, gurudumu linakuwa zito upande mmoja, na usukani unatetemeka ukifika mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa. Watu wanakimbilia kulipia balansi kumbe dawa ni maji na brashi. Kwa kusafisha vizuri, gurudumu lifunguliwe. Legeza nati likiwa bado chini, weka kabari nyuma ya magurudumu mengine, inua kwa jeki mahali palipotengwa na kiwanda, kisha weka stendi. Jeki peke yake isikufanye uingize mkono au kichwa chini ya gari. Wakati wa kurudisha, kaza nati kwa kuvuka upande hadi upande, na umalizie likiwa chini. Toyota nyingi ndogo zinataka mkazo wa 103 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia nati). Hakiki kwenye kitabu cha gari lako. Kazia tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Gurudumu likiwa mkononi na ni safi, likague. Tafuta uvimbe ubavuni, misumari kwenye kashata, nyufa, na vile vialama vya mpira vilivyo ndani ya mifereji, ambavyo kashata zikilingana navyo umebakiwa na milimita 1.6 tu. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari lililotoka Japani linaweza kuja na matairi yenye kashata nene lakini umri mkubwa, na uchafu ndio unaoficha tarehe hiyo.

Kausha rimu kwa kitambaa, hasa ukitumia maji ya kisima yenye chumvi, yasije yakaacha madoadoa meupe. Kisha paka nta ya sintetiki ya rimu, tabaka nyembamba, acha ikauke, futa. Safari ijayo vumbi la breki litatoka kwa maji na shampuu tu.

Ukitaka tairi liwe na sura, subiri likauke kabisa, walau dakika 20, halafu paka dawa ya matairi yenye asili ya maji, mililita 5 hadi 10 kwa sponji. Baada ya dakika kumi, futa inayobaki. Usipofuta, ukianza tu kuendesha inarukia milango. Gliserini iliyochanganywa na maji kwa nusu kwa nusu haidhuru mpira na ni rahisi kupatikana, ila inavuta vumbi na inaondoka na mvua ya kwanza. Usipake kwenye kashata hata tone, na tairi la pikipiki usilipake kabisa. Pikipiki inapolala kwenye kona inakanyaga karibu na ubavu.

Mwisho endesha mita mia kadhaa ukikanyaga breki taratibu mara chache ili diski na pedi zikauke. Gari likiegeshwa siku kadhaa breki zikiwa zimelowa na hendibreki imevutwa, breki zinaweza kugandia kwenye diski au dramu. Na kama tairi la spea linaning'inia chini ya gari, kama kwenye pikapu nyingi, literemshe nalo lioshwe, upime na upepo wake.