Dada, una kitabu cha mjusi?

"Dada shkamoo. Una kitabu cha mjusi?"

Meseji iliingia usiku, nikiwa jikoni naonja mchuzi. Simu ya maktaba huwa narudi nayo nyumbani, kwa sababu wanaoihitaji zaidi ndio wasioweza kufika Mtwara mjini saa za kazi. Huyu ni mwanafunzi wa kidato cha pili, anakaa Nanguruwe. Simu ni ya mama yake, anaipata baada ya chakula cha usiku.

"Marahaba mdogo wangu. Kipo, kesho nakupigia picha."

Asubuhi nikatoa kitabu cha biolojia, nikafungua penye reptilia, nikalaza rula juu ya ukurasa usijifunge, nikapiga picha mbili safi. Nikatuma. Usiku tiki zikawa za bluu, akajibu "Asante dada." Nikaendelea na mambo yangu.

Siku mbili baadaye: "Dada samahani, siyo huyu. Yule wa Lindi, aliyepelekwa Ujerumani."

Iliniuma. Mimi mzaliwa wa Lindi, nimekua nikisikia habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria mkubwa wa kale, na bado nimemtumia mtoto picha ya kinyonga. Angekuwa amesimama mbele ya kaunta ningeliona kosa palepale, maana uso wa mtu hukwambia kwamba ulichomletea sicho. WhatsApp haina uso. Tiki za bluu zinasema kasoma, hazisemi kama kapata. Na watoto wetu wamelelewa wasimbishie mkubwa: ukimpa kisicho chake anashukuru, ananyamaza. Huyu alikaa na adabu yake siku mbili, kazi ya shule inamsubiri.

Tangu hapo sijibu swali la kwanza kabla sijauliza la pili. Ni yupi? Ni kwa ajili ya somo gani? Inatakiwa lini? Maswali matatu mafupi, kila moja kwenye meseji yake, maana ukiyabana pamoja anajibu la mwisho tu.

Alipojibu nikajua ni historia, wakati wa Wajerumani. Nikamtumia kurasa mbili, na chini yake sauti ya dakika moja na nusu: kwamba mifupa ilichimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, kwamba waliochimba na kuibeba mpaka bandari ya Lindi ni watu wa huku, kwa miguu, mizigo vichwani, kwamba mifupa hiyo ndiyo iliyounganishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, na mjusi aliyesimamishwa pale mwaka 1937 ana kimo cha zaidi ya mita 13. Nilimwambia alinganishe na mnazi. Kitabu kizima situmi: kina mwenyewe aliyekiandika, na bando la mama yake lingeishia hapo.

Wakulima nao wanaandika. Mama mmoja wa Tandahimba alinitumia picha ya maua ya mkorosho yaliyopakwa kama unga. Mimi si bwana shamba. Nilimtumia ukurasa wa ugonjwa wa ubwiri unga na maelezo ya dawa ya salfa, kwamba hupulizwa alfajiri umande ukiwepo na upepo umetulia, nikamwelekeza kwa watafiti wa korosho pale Naliendele. Kujua nani anajua nako ni kazi ya maktaba.

Jambo moja linanisumbua bado. Simu nyingi huku ni za nyumba nzima. Binti akiuliza jambo la mwili wake, jibu langu huenda likasomwa kwanza na kaka. Kwa hiyo naanza na "Simu hii mnatumia wangapi?" Akisema ni ya baba, namwomba afike mwenyewe, namtengea kitabu, na meseji naandika tu "Kitabu chako kipo." Zilizopita nazifuta kwenye simu yetu kila Ijumaa. Alichosoma mtu ni siri yake, iwe mezani au kwenye simu.

Jana usiku yule wa Nanguruwe kanirudia. Kanitumia picha ya daftari, kachora mnazi na mjusi vimesimama bega kwa bega, mjusi kaupita kidogo. Chini kaandika: "Dada, na mifupa itarudi lini?"

Nimemjibu kwamba mjadala upo, wengine wanataka irudi na wengine wanasema tusaidiwe makumbusho hapa kwetu. Kisha nikamuuliza swali la pili: ni la mwalimu hili, au ni lako?

"Langu," akaandika.

Leo naanza na magazeti ya zamani.