Vita vya Kagera katika kitabu cha binti yangu
Jana jioni, hapa Mbagala, nilisoma na binti yangu sura ya Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, nikasikitika kuona kwamba inaeleza uvamizi uliofanywa na Uganda Oktoba 1978 na kuanguka kwa Kampala tarehe 11 Aprili 1979 bila kuwataja Waganda waliokuwa uhamishoni, ambao walipigana bega kwa bega na askari wetu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Akaniuliza kama Waganda bado ni adui zetu. Nilimweleza kwamba Idi Amin, rais wa Uganda wakati huo, alikuwa ameua maelfu ya raia wake mwenyewe kabla majeshi yake hayajavuka mpaka, na kwamba leo tuko nao katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walimu wa historia, nawaomba sana myafundishe haya darasani, pamoja na habari za wanavijiji wa Kagera waliopoteza ndugu, nyumba na ng'ombe.