Kiti cha nusu kilo mgongoni

Kwa miaka nilikuwa nawacheka wanaobeba kiti kwenda kupiga kambi kwa miguu. Mawe yapo, magogo yapo, kiti cha nini? Nikaja kubanwa kwenye safari ya siku nne ambayo mvua ilinyesha kila jioni. Ardhi chapachapa, magogo yana utelezi, nikawa nakula nimechuchumaa huku magoti yakilalamika. Usiku wa tatu niliingia hemani giza halijakolea, na wala sikuwa na usingizi. Nilikuwa natafuta tu pa kunyoosha mgongo.

Kosa la kwanza lilikuwa kuchukua kiti cha kukunja nilichokuwa nacho nyumbani, kile chenye mikono na tundu la kuwekea kikombe. Kinafaa sana ukienda na gari. Nilikifunga nje ya shanta, kikawa kinakwama kwenye kila tawi njiani, na kilikuwa karibu kilo nne. Safari iliyofuata nikaenda kinyume kabisa: kipande cha sponji cha kukunja, gramu 60 hivi. Hicho sikijutii, bado ninacho, kinazuia baridi na maji ya chini. Lakini hakina mgongo, na mimi shida yangu ilikuwa mgongo.

Kabla ya kutoa pesa tena nilifanya jaribio la bure. Maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo nilijaza chupa ya nusu lita, nikaifunga kwa utepe nisije nikaifungua, nikaiweka shantani safari nzima. Siku ya kwanza sikuihisi. Siku ya pili, kwenye mlima mrefu, niliihisi na nikaitukana. Jioni nikajiuliza: kama hii chupa ingekuwa kiti, ningeikalia? Jibu likaja bila kusita. Baadaye nikajaribu na lita nzima, na hapo jibu likawa hapana.

Hilo peke yake lilipunguza orodha. Viti vya fito za alumini vyenye kitambaa cha kuning'inia vinafuata karibu mtindo mmoja. Helinox, waliotokana na kampuni ya Korea Kusini inayotengeneza fito za mahema, wana Chair One yenye karibu kilo moja, na Chair Zero yenye karibu nusu kilo. Ya pili inabeba mtu hadi kilo 120. Mimi nina 92, basi nimo. Nilifikiria pia ile mikanda inayokunja godoro la kulalia la kujaza hewa likawa kiti. Ni nyepesi kweli, ila mwiba mmoja ukupokonye kiti na kitanda kwa mpigo? Nikaachana nayo.

Dukani nilikosea kidogo, nikakaa dakika moja nikasema safi. Kiti chochote ni kizuri kwa dakika moja. Nilirudi siku nyingine nikakaa dakika 20, na hapo ndipo vinaposema ukweli: kimoja kilinibana chini ya mapaja mpaka miguu ikafa ganzi, kingine kilinisukuma mabega mbele kama niko kwenye ndoo. Halafu kuna kuinuka. Viti hivi viko chini, chini ya kimo cha goti, na mtu mwenye magoti yaliyochoka anaweza kukaa vizuri kabisa kisha akaomba mkono wa kumwinua. Nilichochukua nacho kiko chini, lakini nikiweka kiganja ardhini ubavuni na kuegemea mbele, nasimama mwenyewe.

Usiku wa kwanza nacho tulilala kwenye mchanga kando ya mto. Nimejimiminia chai, nimeegemea, nasikia miguu ya nyuma inazama taratibu. Sikuanguka kwa kishindo. Nilipinduka polepole kama mtumbwi, kikombe nimekishika juu, chai yote kifuani. Miguu yake ni myembamba, inachoma udongo laini kama kigingi. Watu hutoboa mipira ya tenisi na kuivisha miguuni, nami nikaiweka minne kwenye mizani ya jikoni: zaidi ya gramu 220, karibu nusu ya kiti chenyewe! Nilikata kipande cha turubai nene cha mraba, nikatoboa pembe zake nne na kuzifunga kwa kamba kwenye miguu. Sasa uzito unatawanyika, na kipande kinakunjwa ndani ya mfuko wa kiti.

Mengine nimejifunza kidogo kidogo. Kitambaa kikiwa kipya kinakaza, na pembe ya mwisho inagoma kuingia kwenye fito, hasa vidole vikiwa na baridi. Naanza na mbili za mgongoni, kisha za kukalia. Nikiinuka, hata kwenda kuchota maji tu, nakilaza kifudifudi, kwa sababu kitu chepesi hivi upepo unakibeba, na usiku umande unajaa kwenye bakuli la kitambaa. Moto wa kuni nakaa nao mbali, kwani cheche moja inatoboa kitambaa. Na uzi wa mpira ulio ndani ya fito naukagua kila baada ya safari, maana ukilegea fito hazijipangi zenyewe.

Si kila safari nakwenda nacho. Nikijua nitatembea hadi jioni, nile, nilale, kinabaki nyumbani na kile kipande cha sponji kinachukua nafasi yake. Nakibeba pale kambi inapopigwa saa kumi jioni, kukiwa na saa tatu au nne za kukaa kabla ya usingizi.